Kambarage kabla ya Mwalimu: historia ya msomaji na mwandishi, 1934–1952

Mjadala wetu kuhusu Mwalimu Nyerere hupamba moto ifikapo Oktoba 14 na kuzimika kabla ya wiki kwisha. Katika siku hizo chache hotuba zake hurushwa redioni, picha zake hubandikwa mitandaoni, na wanasiasa wa kila upande hudai kwamba angekuwa hai angewaunga mkono wao. Swali ambalo nadra kulisikia ni la kihistoria na la kawaida kabisa: mtoto aliyezaliwa mwaka 1922 Butiama, katika jamii ambayo lugha yake haikuwa na vitabu, alifikaje mahali pa kuandika insha, makala, tafsiri za Shakespeare na tenzi? Waafrika wengi wa kizazi chake walikuwa na akili na wachache walikuwa na karama ya kusema. Waliopata nafasi ya kuikuza akili hiyo kwa kalamu walikuwa wachache mno. Nadhani njia aliyoipita ina jambo la kutuambia kuhusu vyuo vyetu na, kwa bahati mbaya, kuhusu magazeti yetu.

Simulizi maarufu linasema kwamba Chifu Ihunyo, rafiki wa Chifu Nyerere Burito, alimwona kijana Kambarage akicheza bao kwa werevu, akamshauri baba yake ampeleke shule. Inawezekana. Mataifa hupenda kuamini kwamba viongozi wao walionekana tangu utotoni. Lakini tuache bao, tuangalie mazingira. Utawala wa Waingereza ulihitaji watoto wa machifu wajue kusoma na kuhesabu ili waendeshe serikali za wenyeji, na shule ya Mwisenge, Musoma, ilikuwa mojawapo ya shule zilizokidhi haja hiyo. Kambarage alianza masomo hapo mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano miongoni mwa wake 22 wa chifu. Jambo hili tulihifadhi, kwa maana litarudi katika maandishi ya mwanawe.

Alipofika Mwisenge hakuwa amekizoea Kiswahili. Alikuwa mtoto wa Kizanaki, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shule. Hapa ndipo historia inapokuwa na utamu wake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930, miaka minne tu kabla Kambarage hajaketi darasani. Kiswahili alichofundishwa kusoma na kuandika, chenye msingi wa Kiunguja na tahajia moja kwa makoloni yote manne, kilikuwa bado kibichi. Walimu wenyewe walikuwa wakijifunza tahajia mpya. Kwa hiyo lugha ambayo baadaye angeitumia kuunganisha nchi ilikuwa kwake lugha ya pili, akaipokea kutoka kwenye vitabu vya darasani. Nimewahi kuwasikia wenzetu wa pwani wakitania kwamba Kiswahili cha Nyerere kilikuwa cha bara. Ndiyo, kilikuwa cha bara, na kilikuwa cha kitabu, na huenda hiyo ndiyo sababu moja ya usafi na unyofu wake. Mtu anayejifunza lugha kwa kuisoma huwa na tabia ya kuipima kila sentensi.

Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka mitatu, na mwaka 1937 akapelekwa Tabora. Shule ya serikali ya Tabora ilikuwa imefunguliwa mwaka 1925, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, nayo ilijengwa kwa mfano wa zile shule za bweni ambamo Waingereza waliwalea watawala wao. Viranja, mabweni yenye majina, mashindano, adabu ya kusimama na kusema. Tukiisifu Tabora kwa watu iliyowatoa, tukumbuke pia ilivyokuwa na mlango mwembamba. Idadi ya vijana wa Tanganyika waliopata elimu ya sekondari katika miaka ya 1930 ilikuwa ndogo ya kusikitisha, na wasichana walikuwa karibu hawamo kabisa.

Lakini ndani ya mlango ule mwembamba palikuwa na maktaba. Wanaomkumbuka Kambarage wa Tabora wanamkumbuka akiwa kijana mwenye kushindana, asiyejali sana michezo, aliyezama katika vitabu vya maktaba ili kukijua Kiingereza kwa kiwango cha juu, na aliyekuwa mstari wa mbele katika chama cha midahalo. Walimu walipendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba alikuwa mpole kupita kiasi kwa kazi hiyo. Wale waliofungwa baadaye chini ya Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 wangekuwa na la kusema kuhusu tathmini hiyo, lakini tuendelee.

Kisa kimoja cha Tabora ninakipenda kuliko vyote. Kambarage alikisoma kitabu cha Baden-Powell kuhusu skauti, akaenda kusaidia kuanzisha kikosi cha skauti shuleni. Kwa macho ya leo ni jambo dogo, tena lenye harufu ya ukoloni. Hata hivyo linaonyesha namna yake ya kusoma, ambayo haikubadilika hadi uzeeni: kitabu kilikuwa kitu cha kufanyia kazi. Akishakifunga, huuliza tufanye nini. Namna hii ya kusoma ina hatari zake, hasa msomaji anapokuwa rais na kitabu kinapohusu vijiji vya ujamaa. Lakini ni tofauti kabisa na usomaji wa kukariri ili kufaulu mtihani, ambao shule za kikoloni ziliupanda na sisi tukaumwagilia maji.

Nje ya ukuta wa shule, Waafrika walikuwa tayari wakiandika. Gazeti la serikali Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa limewazoesha maelfu ya walimu na makarani kupeleka barua, mashairi na maswali. Mwaka huohuo Kambarage alipoingia Tabora, Erica Fiah, mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam mwenye asili ya Uganda, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Shaaban Robert, karani wa forodha ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, alikuwa akijenga taratibu kazi kubwa kuliko zote katika lugha yetu ya karne hiyo. Nawataja hawa kwa sababu historia zetu zina tabia ya kumfanya Nyerere aonekane mti pekee jangwani. Palikuwa na msitu, hata kama ulikuwa mdogo. Sehemu yake kubwa ilikuwa ya watumishi wa serikali wa ngazi za chini, watu waliokuwa na mshahara mdogo, taa ya mafuta na stempu ya posta.

Mwaka 1943 alikwenda Makerere kusomea stashahada ya ualimu. Makerere ya wakati huo haikuwa bado chuo kikuu kamili. Ushirika wake na Chuo Kikuu cha London ulikuja baadaye, mwaka 1949. Alisoma kemia, baiolojia, Kilatini na Kigiriki. Nje ya ratiba alisoma nyaraka za kijamii za mapapa Leo wa Kumi na Tatu na Pius wa Kumi na Moja, akamsoma Jacques Maritain, na juu ya wote akamsoma John Stuart Mill. Desemba ya mwaka huohuo alibatizwa, akachukua jina la Julius.

Lakini miezi kadhaa kabla ya ubatizo alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kuzaliwa kwa mwandishi. Julai 1943, akiwa na miaka 21, aliandika barua kwa mhariri wa Tanganyika Standard. Alidai kwamba ubepari ni mgeni katika Afrika na kwamba bara hili linapaswa kufuata ujamaa wa Kiafrika. Ilikuwa miaka 24 kabla ya Azimio la Arusha. Fikirini mazingira yake. Vita vya pili vya dunia vinaendelea. Gazeti ni la kampuni ya Nairobi, na wasomaji wake wakuu ni walowezi, maofisa na wafanyabiashara wa Kizungu. Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, raia wa daraja la tatu katika nchi yake. Anaandika kwa lugha yake ya tatu. Na mhariri anaichapisha.

Sina nia ya kuwasifu wahariri wa gazeti la walowezi. Nasema tu kwamba kijana yule aliona hoja yake katika chapa, mbele ya watu ambao hawakukubaliana naye. Mwandishi hukomazwa na jambo hilo kuliko na alama ya mwalimu. Alama humwambia mwanafunzi kama amekidhi matarajio, ilhali chapa humweka mbele ya msomaji asiyemjua na asiyemwonea huruma.

Akiwa Makerere alishinda pia shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa insha kuhusu kukandamizwa kwa wanawake. Mill alikuwa amekichapisha kitabu chake juu ya jambo hilo mwaka 1869, akiwa na fikra za sheria za ndoa za Uingereza. Kijana wa Butiama alikichukua kipimo kile akakipeleka kwa wanawake wa Kizanaki. Alikuwa akizungumzia jamii ambamo mama yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wake 22, na baba yake, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa mtawala. Tunapowafundisha wanafunzi kutumia nadharia, huwa tunawapa aya tatu za ufafanuzi wa nadharia kisha sura nyingine kabisa ya data, na daraja kati ya vitu hivyo viwili halijengwi. Hapa alikuwepo mwanafunzi aliyeliweka swali la mwanafalsafa Mwingereza mlangoni pa nyumba ya mama yake na kuliacha lifanye kazi. Haikuwa insha salama. Ingekuwa rahisi zaidi, na pengine yenye kupigiwa makofi zaidi, kuandika kuhusu dhuluma za wakoloni peke yake.

Miaka ya ualimu ya St. Mary's, Tabora, nitaipita haraka, ingawa haikuwa bure. Alichagua shule ile ya misheni ingawa ile ya serikali ingemlipa zaidi, akafundisha, akaongoza midahalo, akafanya kazi ya chama cha TAA. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni. Alianza kwa kozi fupi za kemia na fizikia, na Oktoba mwaka ule akaingia rasmi katika masomo ya sanaa: fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa, anthropolojia, historia ya uchumi, historia ya Uingereza, falsafa ya maadili na sheria ya katiba.

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba matokeo yake ya Edinburgh hayakuwa ya kung'ara. Alipata shahada yake ya MA mwaka 1952, lakini alama zake hazikufikia daraja la juu. Mwenyewe baadaye alieleza kwamba falsafa yake ya siasa iliumbika pale. Maelezo hayo mawili hayapingani. Alikuwa akisoma kwa mapana, vitabu vingi nje ya vile vya mitihani, katika mji ambako hakuna aliyemhesabia muda wake. Katika chuo chetu leo, mwanafunzi wa namna hiyo angeitwa ofisini kuulizwa kwa nini wastani wake unashuka.

Kazi kubwa ya kipindi kile ni insha ndefu kuhusu tatizo la rangi katika Afrika Mashariki. Ilikusudiwa iwe kijitabu, lakini haikuchapishwa wakati ule. Sehemu yake ilikuja kuonekana mwaka 1966, katika mkusanyo wa Uhuru na Umoja. Ndani yake anakataa utawala wa wachache juu ya wengi, na papo hapo anakataa kwamba dawa yake ni kuwageuzia kibao wachache hao. Jamii anayoitaka ni ile ambamo mtu ni wa Afrika Mashariki kwanza, na rangi yake haina mzigo wa kisiasa. Ninapoisoma najiuliza ingekuwaje kama angeandika kwa hasira tu, jambo ambalo hali ya wakati ule ingelihalalisha. Alichokuwa nacho zaidi ya hasira ni miaka 15 ya kusoma watu waliomchukiza na kuwajibu kwa hoja.

Hapo ndipo elimu yake ya chuo inapoishia, na insha hii ingeweza kuishia hapo. Lakini mwandishi hutazamwa pia kwa namna anavyowatendea waandishi wengine akishapata nguvu, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie kwa matukio machache zaidi.

Mwaka 1958, akiwa rais wa TANU, aliandika katika jarida la chama, Sauti ya TANU, makala iliyowashutumu maofisa wa utawala. Serikali ilimshtaki kwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri aliyetoka Uingereza, akapatikana na hatia, akatakiwa kulipa shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa. Kijana aliyechapishwa mwaka 1943 sasa alijua upande wa pili wa chapa: kwamba dola ina masikio membamba na mahakama.

Songeni mbele miaka 12. Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa kama chuo kinachojitegemea, na Nyerere akawa mkuu wake. Februari ya mwaka huohuo alikuwa amelitaifisha The Standard, mrithi wa gazeti lililochapisha barua yake, akalipa mwongozo uliolipa nafasi ya kukosoa ilimradi likubaliane na shabaha ya ujamaa. Pale chuoni wanafunzi wa umoja wa USARF, akiwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walikuwa wakitoa jarida lililoitwa Cheche. Lilichapwa kwa vifaa duni na kuuzwa kwa bei nafuu. Walter Rodney aliandika humo. Septemba 1970 walitoa toleo maalumu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini, ambamo alihoji kama kutaifisha kunatosha iwapo mamlaka yanabaki mikononi mwa tabaka la watendaji wa serikali. Novemba 1970 jarida na umoja wao vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba jina Cheche ni mwangwi wa jarida la Lenin, na Tanzania haihitaji kuazima itikadi za nje.

Kijana aliyemwazima Mill kumulika ndoa za Kizanaki angeipokeaje hoja hiyo?

Mwaka 1976 Bunge lilipitisha Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Lakini mwaka huohuo Tanzania Publishing House, kampuni ya umma, ilichapisha kitabu cha Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, kilichoendeleza hoja zilezile za Cheche. Dola ileile, mwaka uleule. Wanaomtakasa Nyerere hushika kitabu, wanaomlaani hushika sheria. Mimi naona ni mtu mmoja ambaye msomaji aliyekuwa ndani yake na mtawala aliyekuwa ndani yake hawakuwahi kumaliza ugomvi wao. Mtawala alikuwa na matumizi mema ya usomaji: kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoshika kasi kuanzia mwaka 1970 iliwafikisha mamilioni kwenye daftari, katika nchi ambayo takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wakati wa Azimio la Arusha. Kilichompa shida ni hatua inayofuata, pale aliyefundishwa kusoma anapoanza kujibu.

Sheria ya 1976 ilidumu miaka 40, ikarithiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kukata leseni, na kwa jumla ya ada zake akapaswa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2. Ada zimepunguzwa baadaye, na ni haki kulisema hilo. Mwaka huohuo wa 2018 marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, kabla ya kifungu hicho kulegezwa mwaka 2019. Wenzangu wawili waliokuwa wakisimamia tasnifu mwaka ule waliwashauri wanafunzi wao wabadilishe mada. Siwalaumu. Barua ya mwaka 1943 iligharimu karatasi, bahasha na stempu.

Watumishi wa umma wanaonisoma hapa huniandikia faragha mara nyingi kuliko wanavyoandika hadharani, na barua zao ni nzuri: zina hoja, zina data, zina Kiswahili safi cha watu waliosoma. Wapo miongoni mwao ambao wangekuwa waandishi bora kuliko mimi. Huishia kwa sentensi moja inayofanana, ya kuniomba nisitaje jina wala wizara.

Muhula huu nimeiondoa insha moja ya darasani katika kozi ya historia ya fikra za kisiasa, na mahali pake nimeweka barua kwa mhariri. Maneno yasizidi 600, hoja moja, kitabu kimoja angalau kiwe kimesomwa hadi mwisho, na iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza kadiri mwandishi apendavyo. Siku niliyoitangaza, swali la kwanza halikuhusu alama wala idadi ya maneno. Msichana wa safu ya nyuma aliuliza kama ni lazima barua ibebe jina halisi la aliyeiandika. Nilimwambia nitalijibu wiki ijayo, na wiki hiyo ndiyo hii.